Mitumbwi Arobaini na Minane

Mashine arobaini na nane zilikufa asubuhi moja ya Jumanne, na hata moja haikuwa mgonjwa.

Umeme ulikuwapo. Mikanda ilikuwapo. Nyuzi zilikuwa zimetandwa vizuri, tayari kufumwa sare za shule. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu katika kila mashine: kile kibao kigumu chenye ncha mbili za chuma, kinachobeba uzi na kukimbia huku na huku kama kichaa mpaka nguo itoke. Wafumaji wa Jinja hukiita mtumbwi, kwa umbo lake. Mashine ya kufuma isiyo na mtumbwi ni meza tu, tena meza mbaya. Huwezi hata kulia posho juu yake.

Inspekta Norman Odongo alisimama katikati ya Ukumbi wa Pili wa kiwanda cha Pamba Njema akajikuna kidevu. Alikuwa mrefu, mkavu, kabakiza miaka miwili astaafu. Katika utumishi wake alikwisha kupeleleza wizi wa ng'ombe, wizi wa kengele ya kanisa, na mara moja wizi wa jeneza ambalo mwenyewe alikuwa bado yumo ndani. Mitumbwi hakuwahi.

"Yote imeibwa?" aliuliza.

"Yote!" alifoka Bwana Conrad, meneja, mtu wa shati jeupe na viatu vinavyolia. "Arobaini na minane! Mipya ni ya kuagiza, na itachukua miezi miwili kufika. Shule zinangoja sare. Nataka mtu gerezani kabla ya Ijumaa, afande. La sivyo nawafukuza wanawake wote wa ukumbi huu, nianze upya."

"Wote?"

"Wote. Na msimamizi wao ndiye atakayetangulia."

Msimamizi mwenyewe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, mikono nyuma, akisikia kila neno. Juwairiya Nakisige. Mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mpana, koti la kazi la bluu, kitambaa cha kichwa kimejaa manyoya ya pamba mpaka akaonekana kama kuku aliyetoka kupigana. Hakuinamisha macho. Alimtazama meneja kama mtu anayetazama uzi mbovu na kuwaza aukatie wapi.

Polisi walifanya kazi yao. Walikuja tisa, na mbwa. Mbwa alinusa mashine ya kwanza, akapiga chafya, akapiga tena, akatolewa nje. Konstebo Night, binti mwenye bidii kuliko kituo kizima, alipaka unga wa kuchukulia alama za vidole. Ukachanganyika na vumbi la pamba ukawa kama uji. Alama chache zilizopatikana zilikuwa za wafumaji wenyewe, na ulitaka ziwe za nani? Akapiga picha. Kila mashine, kila dirisha, kila ukuta.

Odongo alizunguka ukumbi. Upande wa mbele kulikuwa na mlango mmoja. Upande wa nyuma pia palikuwa na mlango, mpana wa kupita mkokoteni, lakini nondo nene ya chuma ilikuwa imechomelewa kutoka fremu hadi fremu. Rangi ya nondo ilikuwa mpya bado. Madirisha yalikuwa juu, yenye vyuma.

"Huu vipi?"

"Wezi wa vitambaa," alisema Conrad. "Niliufunga mwezi wa tatu. Twende ofisini, chai imeiva."

Odongo aliigusa nondo kwa kidole, akanusa kidole, akamfuata meneja kwenye chai.

Mlinzi wa lango aliitwa kwanza. Isiko, mzee mwenye kofia kubwa kuliko kichwa.

"Jana baada ya kazi, ulimwona mtu akitoka na mitumbwi?"

"Hapana, afande. Kila mtu anapekuliwa. Hata mimi najipekua."

"Hakuna kilichotoka?"

"Hakuna kilichotoka bila karatasi, afande. Naapa kwa mama yangu, na yuko hai, ana meno yote."

Basi wakaletwa wanawake, mmoja mmoja, kwenye ofisi ya chini inayotazamana na uwanja. Wengine walingoja nje, kwenye jua, pamoja na msimamizi wao.

"Jina?"

"Kagoya."

"Jana mtumbwi wako uliuacha wapi?"

"Niliuacha ndani ya mashine, nikafunika, sikuona mtu, sikusikia kitu."

Akaja wa pili. Aliuacha ndani ya mashine, akafunika, hakuona mtu, hakusikia kitu. Wa tatu vilevile. Alipofika wa saba Odongo alikuwa anaimaliza sentensi pamoja naye, kama kiitikio kanisani.

"Wamefundishwa," Night alinong'ona.

"Lini? Tangu asubuhi tuko nao. Na hawaongei. Wasikilize huko nje."

Kweli, uwanjani wanawake arobaini na kitu walikuwa kimya kama kaburi. Jambo hilo peke yake lilikuwa ajabu inayostahili kuandikwa.

Aliingia wa nane, Nambozo, msichana wa Mbale, mwembamba, mkono wake wa kushoto una kovu jipya la moto lililopanda hadi kiwikoni. Akaketi. Macho yake yakaruka juu ya bega la Odongo, yakatua dirishani.

Odongo hakugeuka. Ukutani mbele yake, nyuma ya kichwa cha msichana, palitundikwa cheti cha ubora wa kiwanda ndani ya kioo kilichosuguliwa vizuri. Katika kioo hicho, juu ya mihuri na nyota za ubora, alimwona Mama Nakisige amesimama uwanjani. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sauti hakuna.

Moyo wa inspekta ukafanya kitu ambacho haukuwa umefanya tangu utotoni. Ukaitika.

Maana Odongo alizaliwa Walukuba, katika nyumba za wafanyakazi, na mama yake alifuma nguo miaka ishirini na miwili. Kelele za mashine zile humla mtu sauti. Wafumaji hujifunza kusema kwa midomo mitupu, neno zima bila pumzi, kutoka pembe hii ya ukumbi hadi ile. Na kwa kuwa Msoga, Mgisu, Mteso na Mjopadhola walifungiwa chumba kimoja, lugha yao ya midomo ikawa Kiswahili, hicho hicho ambacho nje ya lango watu walikiogopa kwa sababu kilikuja na buti za askari. Mama yake alimwita kula kutoka ng'ambo ya uwanja wa mpira bila kutoa sauti. Alimgombeza kanisani katikati ya sala, na padri hakujua. Watoto wa Walukuba walisoma midomo kabla ya kusoma vitabu.

Jambo hili Odongo hakulisema kazini hata siku moja. Mpelelezi mwenye akili haonyeshi watu sikio lake la tatu.

Akainamia karatasi akajifanya kuandika, macho kwenye cheti.

*Sema uliuacha ndani ya mashine,* midomo ya Nakisige ilisema. *Hukuona mtu, hukusikia kitu. Acha kujikuna.*

Nambozo akaacha kujikuna.

"Mtumbwi wako uliuacha wapi?"

"Ndani ya mashine, nikafunika, sikuona mtu, sikusikia kitu."

Odongo akaandika polepole mno. Msichana alipodhani hatazamwi, midomo yake nayo ikacheza: *Mama, na lile sanduku?*

*Liko kwa Nasuru, Mbale. Tabasamu kidogo, mwanangu, unatisha.*

Nambozo akatabasamu. Alitisha zaidi.

"Asante, nenda," alisema Odongo. Kisha akamwita Isiko tena.

"Mzee, uliniambia hakuna kilichotoka bila karatasi."

"Naam."

"Na kilichotoka chenye karatasi?"

Isiko alivua kofia. "Ah! Hilo hukuniuliza, afande. Sanduku. Kila Jumatatu jioni lori linakwenda Mbale kuchukua pamba. Linabeba mitumbwi iliyochakaa kwa fundi, arudishie ncha. Jana lilikuwa zito kidogo."

"Ulilifungua?"

"Lina sahihi ya meneja! Mimi nifungue sahihi ya meneja?"

Nakala ya karatasi ilikuwapo langoni. *Mitumbwi iliyochoka, 48. Kwa matengenezo.* Chini yake, kwa wino wa kijani, sahihi ya Conrad, imejikunja kama nyoka aliyeshiba. Odongo akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Hakumwambia mtu.

Kesho yake, jua likiwa bado changa, alikuwa barabarani na Night kuelekea mashariki. Walipita Iganga, wakapita mashamba ya mpunga, mpaka mlima Wanale ukasimama mbele yao kama ukuta ambao Mungu alikusudia kuupaka rangi akasahau. Katika mtaa wa Nkoma, Mbale, walimpata Mzee Nasuru nyuma ya hosteli ya wanafunzi, kwenye karakana yenye harufu ya gundi na mbao. Alikuwa anakula.

"Karibuni. Kuleni kwanza, malewa haya hayangoji serikali."

"Mzee, sisi ni polisi."

"Nimeona. Hata polisi wana matumbo, tena makubwa. Binti, kaa hapo."

Wakala. Machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga hayakataliki. Odongo alipofuta vidole, aliiona mitumbwi. Ilikuwa imepangwa rafuni, safu sita za nane nane, inang'aa kwa mafuta.

"Ile ni ya Pamba Njema?"

"Ndiyo. Sikuificha, ungeiona hata kwa jicho moja."

"Uliambiwa ni mibovu?"

"Karatasi inasema imechoka. Nimeikagua yote, mmoja mmoja. Haina hata ufa. Mbao hazichoki, afande. Wanaochoka ni watu."

"Nakisige alikuambia nini?"

Mzee alitafuta mfupa ndani ya malewa, ambayo hayana mfupa. "Aliniambia: itunze, isilale kwenye unyevu, atakuja afande mmoja kuichukua."

"Afande gani?"

"Hakusema jina. Alisema, yule atakayetumia macho."

Night alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

Walirudi Jinja mchana, sanduku nyuma ya gari la polisi. Uwanjani Conrad alikuwa amewapanga wanawake kwenye mistari, karatasi za kufukuzwa kazi ziko mkononi.

"Umechelewa, afande! Naanza na huyu wa kovu. Nambozo! Njoo hapa!"

"Mwache mtoto," alisema Nakisige.

Sauti yake ilikuwa kubwa ajabu, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Mistari yote ikatulia. Akatoka mbele, akasimama kati ya meneja na msichana.

"Inspekta, umefika Mbale?"

"Nimefika, Mama."

"Nasuru hajambo?"

"Hajambo. Amenilisha."

"Basi tumalize. Mitumbwi niliitoa mimi. Peke yangu. Hawa walinifuata tu kusema nilivyowaambia."

"Mwizi!" Conrad alirukaruka, viatu vikalia. "Mfunge pingu!"

Odongo akamgeukia yule mama. "Nakuonya kisheria. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani. Twende ofisini uandike maelezo."

"Ofisini siendi."

"Mama, ni utaratibu."

"Utaratibu unasema niandikiwe. Hausemi niandikiwe kwenye chai ya Bwana Conrad. Maelezo yangu nitayatoa pale mlangoni. Wa nyuma. Uandike na mahali tulipoketi."

Odongo alimtazama. Kwa miaka thelathini na tano watuhumiwa walimwomba maji, wakamwomba wakili, wakamwomba Mungu. Mlango hakuna aliyewahi kuuomba.

"Lete viti," alimwambia Night.

Wakaketi Ukumbi wa Pili, mgongo wa Nakisige ukigusa ile nondo. Wanawake wakasimama kati ya mashine, kila mmoja kwenye yake, kama zamu imeanza. Conrad akasimama kando, anapumua kwa pua.

"Anza, Mama."

"Nasimamia ukumbi huu miaka kumi na tisa. Msimamizi ni mtu wa katikati, afande. Juu wananiita mzembe, chini wananiita mkali. Sawa, hiyo ni kazi. Najua nani mjamzito, nampa mashine karibu na dirisha. Najua nani kafiwa, nampa uzi usiokatika. Na najua vumbi la pamba. Vumbi hili likishika cheche haliungui, linaruka. Mwezi wa tano liliruka. Mashine ya thelathini. Tulikimbilia mlango wa nyuma, kama nilivyowafundisha. Tukaukuta hivi."

Akaigonga nondo kwa kiwiko. Ikatoa mlio mzito.

"Wanawake arobaini na wanane, mlango mmoja wa mbele, na moto uko kati. Nambozo alikuwa wa mwisho. Mwonyeshe afande mkono."

Nambozo akainua mkono. 

"Niliandika barua kwa meneja. Nikaandika ya pili. Ya tatu nikaipeleka mkononi, akasema ataisoma. Uliisoma, Bwana Conrad?"

"Vitambaa vilikuwa vinaibwa!" alisema Conrad. "Ningefanya nini?"

"Ungemweka mlinzi. Mlinzi hula posho, nondo haili. Nikawaza: kwa barua tatu hakuja mtu hata kuchungulia. Lakini kiwanda kikipoteza kitu je? Mitumbwi ikapotea, na kabla jua halijapanda mkaja tisa, na mbwa!"

Kicheko kidogo kilipita kati ya mashine, kikafa.

"Kwa nini hukukiri jana?" Odongo aliuliza.

"Jana ungeandika mstari mmoja, ungenipeleka, na mlango ungebaki. Nilitaka mpeleleze kwanza. Mpekue, mpime, mpige picha. Binti, ulipiga ngapi?"

Night alifungua kamera. "Thelathini na sita."

"Mlango huu umo katika ngapi?"

Night akahesabu, akarudia kuhesabu. "Kumi na moja, Mama."

"Kumi na moja," alisema Nakisige, akaegemea nondo kama malkia kwenye kiti chake. "Picha za polisi, zenye tarehe. Sasa nani atasema haukuwapo?"

Odongo akaweka kalamu chini. Akatoa ile karatasi ya lango, akaikunjua juu ya goti.

"Mama, kuna jambo. Mitumbwi ilitoka na kibali. Sahihi hii ni ya meneja. Kwa karatasi hii mahakama itasema hakuna wizi. Unaweza kwenda nyumbani."

"Nilitia sahihi bila kusoma!" Conrad alipiga kelele.

"Kama barua zake," alisema Odongo, bila kumtazama.

Lakini Nakisige alikuwa amesimama, mkono kiunoni.

"Nani kakuomba unitoe? Mimi sikukosea karatasi, nilikusudia. Andika! Andika kwamba Juwairiya Nakisige alisimamisha mashine arobaini na nane kwa makusudi, na kwamba akirudishwa kazini na mlango huu ukafungwa tena, atazisimamisha tena. Nishtaki. Usiponishtaki, nani atausoma huu mlango mbele ya hakimu?"

Hapo mpelelezi alielewa kwamba tangu Jumanne hakuwa akimfuata mtu. Alikuwa ameongozwa, hatua kwa hatua, kama uzi kwenye mtumbwi.

Akachukua kalamu, akaandika kila neno. Mama akasoma, akasahihisha tarehe, akatia sahihi.

"Konstebo," alisema Odongo, akiinuka, "katika kesi hii vielelezo ni vingapi?"

"Mitumbwi, afande. Na karatasi ya lango. Na picha."

"Umesahau kimoja. Mtuhumiwa ametaja kitu kilichomsukuma kutenda kosa. Mahakama itataka kukiona kwa macho. Tafuta fundi wa kuchomelea, akate hii nondo, tuipeleke kituoni."

Conrad alifungua mdomo. "Hiyo ni mali ya kiwanda!"

"Utarudishiwa, bwana. Kesi ikiisha."

"Na nikiweka nyingine?"

"Utakuwa unatengeneza upya kielelezo cha polisi. Mimi nisingejaribu."

Saa tisa alasiri cheche ziliruka, wanawake wakiwa wamesimama na ndoo za maji, Nakisige akiwapanga kwa kidole. Nondo ikaanguka sakafuni. Nambozo ndiye aliyesukuma mlango. Ulilia kwa kutu, kisha upepo wa ziwa ukaingia, ukainua pamba yote ya sakafuni, na ukumbi mzima ukawa mweupe.

Nakisige alipewa dhamana siku ile ile. Meneja hakuthubutu kumfukuza. Shahidi mkuu wa mama alikuwa sahihi ya meneja mwenyewe. Mitumbwi ilirudishwa kwa maandishi, maana shule zilingoja sare, lakini nondo ilibaki stoo ya vielelezo na kibandiko chenye namba.

Na kesi za kwetu mnazijua. Mara ya kwanza hakimu alikuwa na msiba. Mara ya pili faili lilikwenda kwa kosa kwenye kesi ya mbuzi. Mara ya tatu Bwana Conrad mwenyewe aliomba kuifuta, na mtuhumiwa akasimama akakataa, akasema yeye bado anataka kushtakiwa. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, asiamini.

"Mtuhumiwa, unajutia ulilotenda?"

"Ninajutia mwezi wa tatu, mheshimiwa. Ningeitoa mitumbwi siku ile ile mlango ulipofungwa."

Ikaahirishwa.

Siku hiyo wanawake arobaini na wanane walijaa viti vya nyuma, midomo inacheza, sauti hakuna. Hakimu aligonga meza. "Kimya huko nyuma!" Karani akashangaa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyetoa hata pumzi.

Inspekta Odongo, amesimama ukutani, aliwatazama wote, mstari kwa mstari. Walikuwa wanamwambia mama yao neno lile lile, kila mmoja kwa midomo yake, kama alivyowafundisha: *Mlango uko wazi.*

Nakisige aligeuka kizimbani kuwajibu, macho yake yakagongana na ya inspekta. Odongo alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha, bila sauti, kwa midomo ya mtoto wa Walukuba, akasema:

*Na uko wazi bado, Mama. Acha kujikuna.*

Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, mtuhumiwa aliziba midomo yake kwa kiganja.